Chuma na Nafasi Kati ya Chuma: Hotuba kwa Wafugaji na Mafundi wa Uzio

Shikamooni wazee wangu. Mafundi wenzangu, na ninyi vijana mlioacha karakana asubuhi hii mkaja kukaa hapa, habari zenu. Mwenyekiti, nashukuru kwa kunikaribisha.

Nimekuja kutoka Arusha na kiroba chenye vipande vitatu vya paipu. Nimevipanga hapa mezani, na nawaomba msivishike kwanza, kila kimoja nitakifikia kwa zamu yake. Mmeniomba nizungumze juu ya uzio wa fito za chuma, wa farasi na wa mifugo mingine, na namna ya kuubuni ili udumu. Ninaposema fito, namaanisha zile paipu za mlalo zinazotoka nguzo hadi nguzo. Bibi zetu waliziita fito zilipokuwa za miti, na sioni sababu ya kuzibadilisha jina kwa kuwa sasa ni za chuma.

Nianze na jambo linaloniuma mpaka leo. Mwaka wangu wa nne katika kazi hii nilijenga zizi la farasi kwenye shamba moja chini ya Mlima Meru. Kazi ilikuwa safi. Maungio yamejaa, nguzo zimesimama wima, rangi inang'aa. Kwenye geti niliweka paipu ya mshazari ili lisilegee, kama tunavyoweka wote: imeanza pembe ya chini upande wa bawaba, ikapanda mpaka pembe ya juu upande wa komeo. Pale juu ilipokutana na ufito ikafanya pembe kali, kama herufi V iliyolala. Hakuna aliyeiona kuwa ni kosa. Hata mimi niliiona ni ufundi.

Usiku mmoja kitu kiliwashtua farasi, labda fisi. Jike mmoja alinyanyua mguu wa mbele akaupitisha juu ya ile paipu ya mshazari, na alipotaka kuushusha ukateleza ndani ya pembe mpaka ukabana. Ng'ombe akibanwa mara nyingi husimama akalia. Farasi hasimami. Farasi anavuta, na akishindwa anavuta zaidi. Nilipoitwa asubuhi kuja kutazama, ngozi ya mbele ya mguu ilikuwa imevuliwa kutoka karibu na goti mpaka juu ya kwato, na daktari wa mifugo alikuwa amepiga magoti kwenye matope anaosha. Yule jike aliishi, lakini hakubeba mtu tena. Mwenye shamba hakunigombeza. Alinionyesha geti tu. Na geti, ndugu zangu, halikuwa limepinda hata kidogo.

Nilitazama ile V kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepima kila chuma kwenye lile zizi, na sikuwa nimepima hata nafasi moja kati ya chuma na chuma. Tangu siku hiyo naanza na nafasi. Mteja ananunua paipu, anahesabu paipu, anabishana bei ya paipu. Mnyama yeye anakutana na nafasi: iliyo kati ya fito, iliyo chini ya ufito wa mwisho, iliyo kati ya geti na nguzo. Nitawaonyesha pia kwamba hata kutu huanzia kwenye nafasi, mahali palipo wazi ambapo fundi hakupafikiria.

Tuanze na mguu wa farasi. Kuanzia goti kwenda chini hakuna nyama. Kuna mfupa, kuna kano, kuna ngozi, basi. Ng'ombe naye mguu wake wa chini ni mkavu, lakini farasi ana tabu ya zaidi: kidonda cha hapo kinachelewa sana kufunga, na mara nyingi kinaota nyama ya ziada inayozuia ngozi isikutane. Ndiyo maana wengi wanaofuga farasi wanafuata kanuni moja ya vipimo, nami nawaomba vijana muiandike. Nafasi yoyote ambayo kwato inaweza kuifikia iwe chini ya sentimita 7.5, isiweze kuingia kabisa, au iwe sentimita 30 na zaidi, ili mguu ulioingia uweze kutoka. Kati ya hapo ndipo penye mtego. Sentimita 15 inaonekana nafasi ya kawaida tu kwa macho ya mtu. Kwa farasi ni tanzi.

Mkiishika kanuni hiyo, uzio unaanza kujipanga wenyewe. Urefu wa kawaida kwa farasi wazima ni kama mita 1.4 kutoka ardhini, na kwa farasi dume nenda mpaka mita 1.8, maana yeye hatazami uzio, anatazama majike walio upande wa pili. Chukua mita 1.4 na paipu yenye kipenyo cha milimita 48. Ukiweka fito nne na kugawa sawa, kila nafasi inakuwa karibu sentimita 30, hadi ile ya chini kabisa. Ukiweka tatu, nafasi zinakuwa kama sentimita 42. Hizo zinatosha kwa farasi wazima, lakini mtoto wa farasi akilala karibu na uzio na kujiviringisha, anaweza kuamka akiwa nje na mama yake ndani. Nimemwona mama akijaribu kumfuata. Penye watoto, weka nne.

Sasa geti. Nafasi kati ya nguzo na geti, upande wa bawaba na upande wa komeo, iwe ndogo ya kutosha kwato isiingie. Komeo lisichomoze. Na ile paipu ya mshazari mimi siiweki tena. Geti la farasi ninaliimarisha kwa paipu za wima, na maungio yake nayajaza kote, au kama ni geti pana nalining'iniza kwa waya wa chuma kutoka juu ya nguzo ndefu, mbali na miguu. Mtu akisisitiza anataka mshazari, basi zile pembe zote mbili kali namfungia kwa plati ya bati nene mpaka mahali ambapo upana umefika sentimita 30.

Farasi anayekimbia ana jambo lingine. Uzio wa paipu haulegei. Mbao huvunjika, waya huvutika, lakini paipu nzuri anayoigonga mnyama wa kilo 500 haiendi popote, na kinachovunjika ni mnyama. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni aone uzio mapema. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa na yanaona karibu mzunguko wote, isipokuwa mbele kabisa ya paji la uso na nyuma ya mkia. Rangi hazioni kama sisi. Nyekundu na ya chungwa kwake hazijitengi na kijani. Uingereza, kwenye mbio za kuruka viunzi, walikuwa wakipaka alama za rangi ya chungwa ili farasi waone viunzi, mpaka utafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter ulipoonyesha kwamba ni wapanda farasi tu waliokuwa wanaziona vizuri. Wakahamia nyeupe. Hivyo mkipaka rangi, ufito wa juu uwe mweupe. Ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu tunayoipenda, ukiiacha bila rangi ya juu, jioni inapotea kabisa mbele ya majani.

Kona nazo mzizungushe. Farasi mnyonge hufukuzwa na wenzake, na akifika kwenye kona ya digrii 90 anageuka kukutana na mateke au anaruka. Paipu inakunjika kwenye mashine ya kukunjia, au unapanga nguzo tatu nne kwa upinde. Gharama inaongezeka kidogo sana.

Na fito zote zilizo chini ya ule wa juu zikae upande wa ndani wa nguzo, alipo mnyama. Akiegemea anazisukuma kwenye nguzo. Ukiziweka nje, kila siku anazing'oa taratibu, na bega lake linagonga nguzo moja moja anapopita.

Juu ya seng'enge nitasema maneno machache, kwa kuwa najua wengi mnayo. Joseph Glidden wa Illinois, Marekani, alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya seng'enge yake mwaka 1874, na seng'enge hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya ng'ombe wa nyika, wenye ngozi nene na tabia ya kurudi nyuma wakichomwa. Farasi akichomwa hukimbia mbele. Nawasihi, penye farasi au punda, seng'enge iondoke, hata kama fedha ya paipu haijapatikana. Waya laini ni afadhali.

Haya, tuingie kwenye chuma chenyewe.

Ukienda dukani kuomba paipu ya inchi moja na nusu, kipenyo chake cha nje ni milimita 48.3. Ya inchi mbili ni 60.3. Mkono ukiishika unadhani tofauti ni ndogo. Lakini ukakamavu wa paipu, yaani jinsi inavyokataa kupinda, unakua kwa mchemraba wa kipenyo, yaani kipenyo mara kipenyo mara kipenyo, kama unene wa ukuta ni ule ule. Ukitoka 48 kwenda 60, uzito wa chuma unaongezeka kama robo, na ukakamavu unakuwa karibu mara mbili. Ukibaki na 48 na badala yake ukaongeza ukuta kutoka milimita 2 hadi 3, uzito unaongezeka karibu nusu, na ukakamavu nao karibu nusu tu. Kwa hiyo kwa ufito wa juu, ambao ng'ombe anauegemea na watu wanaukalia, nunua kipenyo. Unene wa ukuta unanunua kitu kingine, nacho ni muda: chuma kinene kinachelewa kutobolewa na kutu, na hakibonyei kwa teke. Nguzo naipa ukuta wa milimita 3, ufito wa chini unaweza kuwa mwembamba zaidi.

Umbali wa nguzo nao una mchemraba wake. Ukitoka mita 2 kwenda mita 3, ufito ule ule ukisukumwa katikati kwa nguvu ile ile unapinda mara tatu na zaidi. Paipu zetu ni za mita 6, kwa hiyo una njia mbili zisizo na hasara: nguzo kila mita 3, au kila mita 2. Kwa zizi la farasi mita 3 zinatosha. Kwa banda la kukusanyia ng'ombe kabla ya josho, ambapo wanyama hamsini wanasukumana pamoja, ni mita 2, na msijadiliane na mteja juu ya hilo.

Nipige hesabu moja ili mwenye kupanga apange. Zizi la mita 30 kwa 30 lina mzunguko wa mita 120. Nguzo kila mita 3 ni nguzo 40. Nguzo ya mita 2, sentimita 60 ardhini na mita 1.4 juu, inatoka tatu kwenye paipu moja bila kipande kubaki. Ni paipu 14. Fito tatu ni mita 360, paipu 60. Jumla 74. Ukiongeza ufito wa nne zinafika 94. Hizo paipu 20 ndizo bei ya usalama wa watoto wa farasi, na sasa mwenye mali anaamua akijua anachoamua.

Wenzetu wa Texas na Oklahoma wamejenga uzio wa namna hii kwa miaka mingi kwa paipu zilizotolewa kwenye visima vya mafuta, kipenyo kile kile cha milimita 60.3, ukuta mnene ajabu, na zile fimbo za pampu za visima wakazifanya fito. Ndiyo maana ukitazama picha za huko unaona uzio wa miaka mingi umesimama bila rangi. Sehemu nyingi za magharibi mwao ni kavu, na ukuta wa paipu yao ni mnene. Mtu wa hapa akiiga umbo lile kwa paipu ya milimita 1.5 katika ukungu wa Usa River, kule karibu na Arusha, ameiga sura tu.

Sasa kipande cha kwanza hapa mezani. Hiki ni kipande cha nguzo kutoka shamba la ng'ombe wa maziwa. Kitazameni kwa nje: rangi ipo, ukiigonga inalia vizuri. Nilipoikata na grainda, mita moja juu ya ardhi, maji yalitoka. Maji meusi, yananuka, yamejaa magamba ya kutu kama majani ya chai. Mvua ilikuwa inaingia juu kila masika, na chini palikuwa pamezibwa na zege. Nguzo ilikuwa chupa. Tazameni ndani sasa, ukuta umebaki kama ganda la yai. Mwenye shamba aliipaka rangi kila mwaka kwa bidii, upande ambao haukuwa na ugonjwa.

Dawa yake ni rahisi, ikifanywa siku ya kwanza. Juu ya nguzo kata mdomo wa samaki, ule mkato wa mviringo, ufito wa juu ukae ndani yake kama mzigo begani, kisha chomelea mzunguko wote. Ufito wenyewe umekuwa kofia ya nguzo. Nguzo za geti zinazopita juu zifunikwe kwa plati iliyochomelewa kote, si kwa nukta tatu. Ncha za fito zizibwe. Na kama huna hakika kwamba umeziba kabisa, toboa tundu dogo upande wa chini maji yatoke. Paipu iliyozibwa nusu ni mbaya kuliko iliyoachwa wazi.

Kipande cha pili ni shingo ya nguzo, pale inapoingia ardhini. Hapa ndipo uzio mwingi wa chuma unapofia. Chini kabisa kuna unyevu lakini hewa ni kidogo. Juu kuna hewa lakini pakavu. Kwenye shingo viko vyote viwili, na penye mifugo kuna mkojo na samadi juu yake. Tazameni hiki kilivyoliwa, kama muwa uliotafunwa, na sentimita 20 juu yake chuma ni kizima. Fundi aliyejenga alimaliza zege chini kidogo ya usawa wa udongo, kwa hiyo kila nguzo ilikuwa na kisahani cha kutunzia mkojo.

Zege ipande juu ya udongo na imalizwe kama kichuguu, maji yateremke nje. Kabla ya kusimamisha nguzo, vika pale shingoni kipande cha paipu pana zaidi chenye urefu wa sentimita 30, nusu juu nusu chini, kichomelewe juu na chini kiwe kama soksi, kisha paka lami. Kutu itakula soksi kwanza. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, sentimita 60 hazitoshi, utakuta nguzo zimenyanyuliwa kama meno ya mzee. Chimba mita moja, panua shimo kule chini kuliko juu, ili zege iwe na mguu wa kushikilia.

Jua nalo linafanya kazi yake. Usiku wa Julai Arusha ni baridi, na mchana paipu iliyo juani huwezi kuishika. Tofauti kwa chuma inaweza kufika digrii 40. Ufito wa mita 60 uliochomelewa bila kukatika unarefuka karibu sentimita 3, na nguvu hiyo haina pa kwenda isipokuwa kwenye nguzo za kona au kwenye maungio. Ndiyo mlio ule mnaousikia asubuhi, uzio unapiga ta, ta, ta. Mimi ufito wa juu naukata kila baada ya mita 25 hadi 30, ndani naingiza kipande cha paipu nyembamba kidogo, nakichomelea upande mmoja tu, upande wa pili uteleze. Fito za chini sizichomelei kwenye nguzo kabisa. Nazishika kwa mkanda wa plati uliokunjwa kama herufi U, mkanda ndio unachomelewa kwenye nguzo. Ufito unapita ndani yake na unaweza kuteleza, na siku ukipinda kwa teke unautoa unaweka mwingine bila kuwasha mashine.

Kuhusu zinki nitakaa kidogo, maana hapa kuna afya za watu.

Bati la nyumba yako halishiki kutu upesi kwa sababu ya zinki. Zinki hufanya kazi mbili: inafunika chuma, na panapokwaruzwa inaliwa yenyewe kwanza badala ya chuma kilicho jirani. Paipu nyingi zinazouzwa zikiwa tayari na zinki zina tabaka jembamba. Tabaka zito hupatikana kwa kuchovya kazi iliyokwisha kuchomelewa ndani ya zinki iliyoyeyuka, kama digrii 450 za joto. Kiwango cha kimataifa, ISO 1461, kinataka wastani wa maikroni 55, yaani sehemu 55 za elfu za milimita, kwa chuma cha kati ya milimita 1.5 na 3, na maikroni 70 kwa kilicho kati ya 3 na 6. Mbali na bahari, tabaka kama hilo linaweza kukaa miongo mingi. Tanga au Lamu, kwenye upepo wa chumvi, linaliwa kwa kasi mara kadhaa, na mwenye uzio wa punda kule pwani ahesabu hivyo.

Anayeweza kugharimia, namshauri abuni uzio kwa vipande: fremu zichomelewe karakanani zikiwa chuma kitupu, zipelekwe kuchovywa nzima, shambani zifungwe kwa bolti na nati. Lakini toboeni matundu ya hewa kwenye kila paipu iliyozibwa kabla ya kupeleka, kisha mzibe baada ya kurudi. Paipu iliyofungwa yenye unyevu ndani, ikizamishwa kwenye joto lile, hulipuka, na zinki iliyoyeyuka inawarukia waliosimama pale.

Anayechomelea paipu yenye zinki shambani, nisikilize kama unavyomsikiliza kaka yako. Nikiwa kijana, katika karakana moja, nilichomelea paipu za namna hiyo siku nzima ndani ya chumba chenye dirisha moja. Jioni mdomo ulikuwa na ladha ya sarafu. Saa mbili usiku nikaanza kutetemeka, baridi inaingia kwenye mifupa, mama akadhani ni malaria. Kesho yake nikawa mzima, na wakubwa wakaniambia kunywa maziwa, ndiyo dawa. Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi moshi kwenye mapafu. Saga zinki kwa grainda kila upande wa kiungo, chomelea nje upepo ukitokea ubavuni, vaa barakoa ya kuzuia moshi wa metali. Ukimaliza, kwangua maganda na upake rangi yenye zinki, maana pale ulipochoma hapana kinga tena. Rangi ya zamani yenye risasi msiitumie penye mifugo. Ndama hulamba, na risasi inaua.

Nilisahau jambo la mkono. Ukimaliza ungio lolote, chukua kitambaa cha pamba, kile chepesi cha kufutia, ukipitishe juu ya ufito wote kwa mwendo wa kawaida. Kikinasa, ngozi ya mnyama nayo itanasa. Zile chembe za chuma zinazoruka wakati wa kuchomelea zinaganda kama mchanga na zina makali. Saga, pitisha tena.

Kwa ng'ombe, wengi mnajua zaidi yangu, basi nitagusa kichochoro tu, njia nyembamba ya kuelekea kwenye kibanio, kile cha kumshikilia ng'ombe, au josho. Ikiwa pana mno ng'ombe anageuka, na akigeuka mmoja mmesimama wote. Sentimita 60 hadi 70 ndani kwa ndani, kulingana na aina yenu. Mtamba wa zebu na fahali wa Friziani hawavai shati moja. Temple Grandin, profesa wa Chuo Kikuu cha Colorado State huko Marekani, amefundisha kwa miaka mingi kwamba kichochoro kilichopinda, chenye kuta zisizoonyesha nje, hutuliza ng'ombe, kwa kuwa kila hatua anaona mahali pa kwenda na haoni watu wanaomngoja mbele. Kwetu kuta hizo zinaweza kuwa mabati ya zamani yaliyofungwa upande wa nje wa fito. Paipu za kichochoro ziwe za duara. Za pembe nne zinaacha michubuko kwenye nyonga.

Mbuzi anahitaji wavu mdogo chini, fito peke yake hazimzuii.

Na nisiwadanganye kwamba paipu inafaa kila mahali. Malisho ya ekari ishirini kuzungushia paipu ni fedha nyingi mno, na farasi mwenye nafasi ya kupata mbio kamili ni heri akutane na kitu kinacholegea. Huko weka waya laini wenye umeme na utepe mweupe unaoonekana, au ua wa miti. Ziwa Manyara husemekana limepata jina kutokana na emanyara, jina la Kimasai la mnyaa, mti ambao Wamasai wanauzungushia boma, na ua huo ukikomaa hakuna ng'ombe anayepita, ingawa utomvu wake mlinde macho. Paipu iwe pale penye msongamano: zizi la usiku, banda la kukusanyia, kichochoro, mageti, na kando ya barabara.

Kipande cha tatu sijakigusa. Hiki ni cha uzio niliojenga mwenyewe baada ya yule jike, shamba lile lile. Mwenye shamba alikiondoa mwaka jana ili apanue geti, akanipigia simu nije nikichukue. Nimekipasua kwa urefu, shingo ya nguzo na mdomo wa samaki vyote vimo. Soksi ya nje imeanza kuliwa upande wa chini, na hapa kwenye kiungo cha juu kuna mstari mwembamba wa kutu, niliacha nafasi ya kama milimita mbili bila kujaza. Njooni mbele sasa mvishike vyote vitatu. Vijana mtangulie, na mje na futi zenu. Mwenyekiti, nadhani maswali tutayachukua tukiwa hapa hapa mezani.